Daftari Tulilomzika Nalo Bibi

Kinole, 2 Juni 2025

Kaka Deo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mazimbu. Sisi huku hatujambo. Lena ameota meno mawili ya chini na sasa anamuuma kila anayempenda, kwa hiyo ukija jiandae.

Usishangae kuona karatasi. Tangu Pasaka nimekupigia mara kumi na moja, na kila mara unaniletea ujumbe kwamba uko kikaoni. Kikao gani hicho kaka, hata maaskofu huwa wanatoka kula. Ndiyo nikamwambia Mikidadi, wewe si unapeleka ndizi mjini kila Jumatano na kenta yako, mpelekee kaka yangu hii mkononi na usiondoke mlangoni mpaka aipokee. Karatasi haina kitufe cha kukata.

Jambo lenyewe ni hili. Wapimaji wamekuja na vishikwambi vyao kupima mashamba yote ya kijiji ili tupewe hati za kimila. Siku waliyopita kwenye shamba la Bibi mimi nilikuwa kliniki na Lena. Halidi, yule wa mjini aliyenunua kipande cha chini yetu mwaka juzi, akawatembeza yeye. Mpaka wake akaupandisha hadi chemchemi. Theluthi nzima ya shamba letu, kaka, ile yenye iliki, imelala kwake kwenye ramani.

Nimekwenda kwa Mzee Stambuli, mwenyekiti wa kamati ya ardhi. Amesema kamati itakaa tarehe 17 Julai, mwenye ushahidi alete. Nikamwambia ushahidi upo, uko kwa kaka yangu.

Unakumbuka kwenye mazishi ya Bibi mwezi wa nane mwaka jana. Wewe na mradi wenu wa kuhifadhi kumbukumbu za vijiji mlikuwa mmeshapiga picha kila ukurasa wa daftari la Bibi, lile katekista alilomwandikia mipaka yote na majirani wakaweka dole gumba. Mlikuwa mmerekodi na sauti yake. Ukasimama kwenye jeneza ukasema, maneno yake yako juu, hayaozi, karatasi na irudi na mwenyewe. Ukaliweka daftari chini ya mikono yake. Tulilia wote, na mimi nililia kuliko wote kwa sababu niliona ni heshima kubwa.

Sasa naomba zile kurasa. Zitoe kwenye karatasi, zipigwe muhuri wa mradi, zije kabla ya tarehe hiyo. Wewe ndiye mjomba wa Lena. Shamba lilitoka kwa Bibi Magdalena likaja kwa marehemu mama, likaja kwangu, na Lena anafuata. Kwetu mjomba ndiye mlinzi wa njia hiyo.

Na ule wimbo aliomwimbia Lena akiwa bado tumboni, mkono wake umekaa juu ya tumbo langu, niletee kwenye simu. Baba yake, Joseph, bado yuko Kisaki kwenye kazi ya reli, naye anaomba ausikie.

Mdogo wako,
Yuliana


Mazimbu, 4 Juni 2025

Mpendwa Yuliana,

Marahaba. Mikidadi amesimama mlangoni kama askari wa benki, anakataa hata kukaa, kwa hiyo naandika kwa haraka.

Pole kwa usumbufu wa Halidi. Usiwe na wasiwasi wowote. Kumbukumbu zote za mradi zimehifadhiwa nje ya nchi, kwenye kompyuta za kampuni kubwa sana. Hiyo ndiyo wanayoiita hifadhi ya wingu. Hata umeme ukikatika Tanzania nzima, zile haziguswi. Ni salama kuliko kabati lolote la ofisi ya kijiji.

Kwa sasa kuna marekebisho madogo ya kiufundi. Yakikamilika nitakuletea kurasa na muhuri. Mbusu Lena, lakini kwa mbali.

Kaka yako,
Deogratias


Kinole, 9 Juni 2025

Kaka Deo,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta tarehe ya kumaliza hayo marekebisho. Sijaiona.

Jana nilikuwa natoka kisimani, Halidi akanisimamisha mbele ya watu, anacheka na meno yote nje. Akasema, “Mama Lena, nimesikia hati zenu mmezipandisha mawinguni. Basi kalimeni huko huko, mimi niachieni huku chini.” Watu wakacheka. Hata mimi nilitaka kucheka, maana ameongea vizuri. Nikamwambia, “Baba, mvua inatoka huko huko, na ikishuka haichagui paa.” Lakini nilipofika nyumbani niliitoa barua yako nikaisoma mara ya tatu.

Kaka, mimi nimeishia darasa la saba, mambo ya kompyuta nakuachia. Ila wingu nalijua. Tangu nizaliwe linaingia humu ndani bila hodi, asubuhi liko mlangoni, huoni hata jiko. Saa nne ukinyanyua kichwa limeondoka na halikuaga mtu. Sikuwahi kuona mama yeyote wa Kinole akaanika nguo zake juu yake.

Unaweza ukacheka. Nataka ucheke. Halafu unitumie kurasa.

Mdogo wako,
Yuliana


Mazimbu, 18 Juni 2025

Mpendwa Yuliana,

Samahani kwa kuchelewa wiki nzima. Pamoja na barua hii nakutumia ukurasa uliohusu upande wa Halidi, umepigwa chapa, una muhuri. Mpe Mzee Stambuli. Naamini utatosha. Kurasa nyingine na wimbo vitafuata.

Usiuonyeshe kwa watu wengi kabla ya siku yenyewe.

Deogratias


Kinole, 22 Juni 2025

Kaka Deo,

Shikamoo.

Ukurasa nimeupokea. Ni mzuri, una muhuri wa bluu, na kamati ingeupokea kwa mikono miwili. Halidi asingekuwa na la kusema.

Umeandikwa hivi: “Kutoka kwenye jiwe, mita arobaini upande wa kushoto, hadi kwenye mdalasini.”

Kaka. Bibi Magdalena alijua mita tangu lini? Na alisema kushoto lini? Kila alichokuwa anakielekeza Bibi alikuwa anasema ukiupa mlima mgongo, ukiutazama mlima, ukiwa na mlima begani. Mimi nilibebwa mgongoni mwake kwenye shamba lile. Maneno ya Bibi nayajua kama ninavyoujua mkojo wa Lena kabla haujanilowesha. Haya ni maneno yako. Umekaa hapo Mazimbu ukakumbuka ulichokumbuka, ukaweka muhuri.

Nilikaa nao siku mbili. Nilisema moyoni, si shamba ni letu kweli, basi kosa liko wapi. Halafu nikamtazama Lena. Nikaona siku moja atauliza, mama, shamba hili tulilipata vipi, na mimi nitaangalia pembeni. Leo asubuhi ukurasa huo nimewashia moto wa uji wake.

Sasa niambie ukweli. Si wa kiufundi. Ule wa kwetu.

Yuliana


Mazimbu, 28 Juni 2025

Yuli mdogo wangu,

Niliketi na barua yako nje ya chumba changu mpaka mwenye nyumba akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia ndiyo.

Hakuna kurasa. Tangu mwezi wa pili hakuna kitu.

Ile kampuni ina mashine inayokagua vitu vya wateja. Siku moja mashine iliamua kwamba akaunti ya mradi wetu imevunja masharti, ikaifunga. Masharti gani, haisemi. Labda tulipakia picha nyingi kwa mara moja, labda madole gumba ya wazee yaliitia shaka, sijui. Kumbukumbu za vijiji kumi na vinne ziko nyuma ya mlango huo. Nimeandika malalamiko mara sita. Kila mara jibu linakuja dakika ile ile: “Asante kwa uvumilivu wako.” Nikajibu kwa kuuliza, naongea na nani? Ikaniambia, asante kwa uvumilivu wako.

Utauliza nakala nyingine ziko wapi. Hakuna, Yuli. Zilikuwa kwenye kompyuta za ofisi, tukazifuta ili kupata nafasi. Kila mtu duniani anaweka vitu kwa kampuni hiyo, hospitali zinaweka, serikali zinaweka, nani angefikiri sisi ndio tutafungiwa? Ilikuwa rahisi, basi tukaona urahisi ni usalama. Mkuu wa mradi ametukataza kuviambia vijiji. Ndiyo maana nilikuwa kikaoni tangu Pasaka.

Na mimi ndiye niliyelizika daftari. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka watu waone kwamba kijana wa ukoo amesoma.

Kuna njia moja. Kaburi bado halina mwaka. Daftari nililifunga kwenye nailoni kabla ya kuliweka. Padre akiridhia na ukoo ukiridhia, tunaweza kufungua, tukalichukua, tukafunga siku hiyo hiyo kwa sala. Nitachimba mwenyewe.

Nisamehe kama unaweza.

Deo


Kinole, 5 Julai 2025

Kaka Deo,

Shikamoo, na nimekusamehe. Nakuambia mapema ili usisome barua yote ukiwa umeshika kifua.

Lakini Bibi hatutamwamsha kwa sababu ya Halidi. Hilo hapana, na usimwambie padre, na usimwambie mtu. Bibi alilima miaka sitini, sasa amelala. Ulimpa daftari lake mbele ya watu, ni lake. Mjomba hampi mtu kitu kaburini halafu akarudi kumdai.

Barua yako niliisoma nikiwa nachambua maharage. Nikawa nasoma na kulia, nasoma na kuchambua, Lena ananikunja sikio. Nikafika pale uliposema mlikuwa na nakala ofisini mkazifuta. Nikajikuta nasema kwa sauti, angekuwa Bibi angekuchapa. Halafu mikono ikasimama yenyewe kwenye ungo.

Unakumbuka kulaza mbegu? Wewe ulikuwa shule ya bweni, labda hukuona. Kabla sijazaliwa, masika moja mlima uliporomoka ukafukia ghala la Bibi na mbegu zote. Tangu hapo hakuweka tena mbegu nyumba moja. Kila baada ya mavuno alijaza vibuyu vitatu vya maharage, akavichanganya na majivu, akavilaza kwa watu. Kimoja Tegetero kwa Mama Esther, kimoja hapa sokoni kwa Bibi Maimuna, kimoja Tandai kwa Bibi Mwaisha. Mlima hauwezi kuporomoka sehemu tatu siku moja, ndivyo alivyosema. Na yeye kwake alikuwa analaza za kwao.

Lakini hakuwapa hivi hivi tu. Kila mmoja alipokuja kuchukua kibuyu alimtembeza kwanza. Alikuwa anasema, mbegu isiyolijua shamba lake ni mboga. Mimi nikimfuata nyuma nimeshika kanga yake nilidhani ni mazungumzo ya wazee.

Nikamfunga Lena mgongoni nikaenda.

Mama Esther kibuyu anacho. Nilipomuuliza shamba, hakufikiri hata kidogo. Akafumba macho akanitembeza upande wa juu, akiwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi, jiwe kwa jiwe, mpaka kwenye chemchemi. Maana yeye alikuwa anakuja kwa njia ya juu. Bibi Maimuna akanitembeza upande wa sokoni, na akaniambia kwa nini masale ya mpaka wa pale yana pengo, kwamba babu yetu alilewa akapitisha ng'ombe wa watu. Nilicheka mpaka Lena akaamka.

Kwa hiyo pande mbili ninazo. Wa tatu, ndio wa Halidi, ni wa Bibi Mwaisha, maana yeye alikuwa anapanda kutoka Tandai kwa njia ya chini.

Kesho kutwa naenda. Niombee. Mimi nina matumaini, kaka. Sijui yametoka wapi lakini ninayo.

Yuliana


Mazimbu, 9 Julai 2025

Yuli,

Mikidadi ananisubiri, anasema leo hata chai hanywi mpaka nimalize. Sikiliza: Bibi Mwaisha ni mama mkwe wa Halidi. Binti yake ndiye mke mkubwa. Hatakwenda kusimama mbele ya kamati dhidi ya mkwewe, na hata akitaka, desturi haimruhusu kukaa naye uso kwa uso. Usiweke roho yako yote hapo.

La pili. Tumepata miadi. Baada ya miezi mitano kampuni imekubali tuongee na mtu, mtu wa kweli, kwa video, tarehe 17 Julai saa nne asubuhi. Ni siku ile ile ya kamati. Mjomba natakiwa niwe hapo kando yako. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Deo


Kinole, 13 Julai 2025

Kaka,

Shikamoo. Wewe kaongee na mtu wao. Mimi nitaongea na watu wangu. Akikuonyesha uso, muulize jina, halafu muulize wimbo.

Kuhusu mkwe, nilijua. Nilienda hivyo hivyo. Bibi Mwaisha aliniwekea uji, akamshika Lena, akanitolea kibuyu uvunguni mwa kitanda chake, kimefungwa kitambaa cha Bibi kile cha maua. Nikamwuliza habari za mpaka. Akaukoroga uji wake mpaka ukapoa. Akasema, “Mjukuu wangu, binti yangu analala kwenye nyumba ile.” Nikasema naelewa, bibi. Sikumsukuma. Nikamshukuru kwa kutunza mbegu, nikaondoka na Lena, kibuyu nikamwachia.

Basi, nitakwenda na pande mbili. Hata shuka fupi linafunika mtoto.

Yuliana


Kinole, 20 Julai 2025

Kaka Deo,

Shikamoo. Kaa chini.

Kamati ilikaa kwenye darasa la pili, tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Halidi alikuja na ramani iliyotiwa plastiki, ya rangi. Mzee Stambuli akasema, “Yuliana, ushahidi wa kaka yako uko wapi?” Nikasimama. Ningeweza kusema mtandao unasumbua, wote wangeitikia, maana nani hajasumbuliwa. Nikasema, “Mzee wangu, hatunao. Tuliuweka kwa mtu tusiyemjua, amefunga mlango, na sisi wenyewe ndio tulimpa ufunguo wote. Aibu ni yetu. Lakini shamba si la mlango ule.”

Halidi akasema, “Mwenyekiti, mimi nina ramani, yeye ana hotuba.”

Nikawaita Mama Esther na Bibi Maimuna. Waliongea mmoja mmoja, mwingine akiwa nje. Mjumbe mmoja akadai kwamba wanawake hao wanaweza kuwa wamepangwa. Bibi Maimuna akamwambia, “Wewe nilikuosha ulipozaliwa, nani alinipanga?” Kamati ikakubali pande mbili. Mzee Stambuli akanitazama kwa huruma, akauliza, na wa tatu? Nikasema wa tatu sina.

Hapo nikasikia fimbo kwenye sakafu. Bibi Mwaisha ameingia kwa mlango wa nyuma, kibuyu kiko kichwani. Ametembea kutoka Tandai, kaka, na goti lile bovu. Halidi akainuka haraka akainamisha kichwa, kama mkwe anavyopaswa. Bibi akajifunika kanga usoni, akageuza kiti, akakaa ametupa mgongo sisi sote, ameutazama ubao.

Akasema hivi, nimejitahidi kushika kila neno: “Mkwe wangu namheshimu, ndiyo maana simtazami. Hajaniudhi, binti yangu anakula vizuri. Lakini Magdalena alilaza mbegu kwangu miaka ishirini na sita, na mimi nililaza zangu kwake. Sijawahi kukuta punje imepungua. Nikinyamaza leo, nimekula mbegu ya mwenzangu. Mpaka wa chini unaanza kwenye jiwe la kutwangia, ukiupa mlima mgongo, unakwenda mpaka kwenye mdalasini wenye mashina mawili. Chemchemi iko mbali sana juu ya hapo. Chemchemi ilikuwa ya Magdalena, na alituachia wote tuchote.”

Halidi akasema taratibu, hana hasira, “Mama, hakuna mdalasini pale.”

Bibi Mwaisha akauambia ubao, “Twendeni.”

Tukatoka wote, kamati, watu, mbuzi wa mtu. Bibi mbele, Halidi nyuma kabisa ili wasigongane. Jiwe tulilikuta, limefunikwa majani ya maboga. Kutoka pale akahesabu kwa kuimba, wala si mita. Akasimama kwenye kichaka, akapiga fimbo. Kisiki, kaka. Visiki viwili vya pamoja, vimekatwa chini kabisa. Lakini mdalasini unaujua, ukiukata unachipua. Vilikuwa vimetoa machipukizi mekundu yamefika kiunoni kwangu. Bibi akavunja moja, akalikwangua kwa ukucha, akampa Mzee Stambuli anuse. Akanusa. Akampa mjumbe yule mbishi. Akanusa. Likaenda mkono kwa mkono mpaka likamfikia Halidi kule nyuma, naye akanusa, akalitia mfukoni.

Wapimaji wameagizwa warudi kurekebisha. Mzee Stambuli ameandika uamuzi kwa kalamu, na nimemwomba auandike mara nne. Akauliza, kwa nini nne? Nikamwambia, moja yako, na tatu nazilaza.

Jioni mke wa Halidi alileta maandazi. Hakusema ya nini, na mimi sikuuliza. Lena aliuma moja akalikataa akaliuma tena.

Wewe je? Ulimwona huyo mtu?

Yuliana


Mazimbu, 26 Julai 2025

Yuli mdogo wangu,

Barua yako nimewasomea wenzangu wa ofisini kwa sauti. Mmoja ametoka nje akidai anapiga simu, lakini simu yake ilikuwa mezani.

Mtu hakuja. Tulikaa watano mbele ya kioo tangu saa tatu na nusu, tumevaa mashati yaliyonyooshwa. Kioo kikaandika kwamba mwenyeji atatukaribisha hivi karibuni. Saa saba mchana kikaandika kwamba mkutano umekwisha, na kikatuuliza tumeridhika kwa nyota ngapi.

Nimefanya jambo. Nimekataa agizo la mkuu wa mradi. Nimeviandikia vijiji vyote kumi na vinne ukweli, kwa karatasi, na Jumatatu naanza kuvitembelea na madaftari, nyumba kwa nyumba. Kila kijiji nakala tatu, nyumba tatu tofauti. Mkuu ameuliza nani amenipa utaratibu huo. Nimemwambia Bibi Magdalena wa Kinole. Akauliza ana shahada gani. Huenda nikafukuzwa. Nimelala vizuri kuliko wakati wowote tangu mwezi wa pili.

Wimbo sina, Yuli. Huo hauko kwa Mama Esther wala kwa mtu. Bibi aliuimba mara moja, kwenye mashine yangu. Kwa hilo sijui niseme nini.

Imebaki nafasi ya malalamiko ya saba, ndiyo ya mwisho wanayoruhusu. Mimi maneno yameniishia. Andika wewe. Nitayatuma kama yalivyo.

Deo


Kinole, 31 Julai 2025

Kwa mwenye mashine,

Sijui kama wewe ni baba au mama, kwa hiyo nakusalimu habari za huko.

Mimi ni Yuliana, mama Lena, wa Kinole. Barua hii kaka yangu Deo ataiingiza kwenye kioo chenu. Yeye amekuandikia mara sita kwa adabu ya ofisini. Mimi nakuandikia kama mtu aliyemwachia jirani chungu chake, akirudi anakuta jirani amehama na ufunguo.

Sikuiti mwizi. Mwizi anajua alichochukua. Wewe hujui kama unacho. Mahali fulani kwenye nyumba zako hizo kubwa kuna bibi yangu anaongea, ana miaka themanini na mbili, anakohoa katikati, na jogoo anawika. Ukimkuta usimfute. Ni huyo tu ninayemwomba.

Shamba sikuombi, tumelipata bila wewe. Tumelipata kwa vibuyu vitatu na kisiki. Mpaka wetu sasa uko kwenye nyumba tatu ambazo mlima hauwezi kuziporomosha siku moja, na wenye nyumba hizo nikigonga wanafungua, hata kama wamekasirika, hata kama wamenigeuzia mgongo. Deo anakwenda kuwafundisha hivyo watu wa vijiji vingine kumi na vitatu. Utaona watu wanakuletea vitu vichache zaidi kutoka milima hii. Usishangae, na usiwatumie nyota.

Wimbo ndio umebaki kwako. Bibi aliuimba na mkono wake juu ya tumbo langu, na mtoto akageuka. Mimi naukumbuka nusu. Nusu hiyo nimewafundisha Mama Esther, Bibi Maimuna, na Bibi Mwaisha, na juzi nilimkuta mke wa Halidi anauimba akichota maji kwenye chemchemi. Nusu ya pili naitunga mwenyewe, kila jioni kidogo, na Lena akiipenda ananiuma.

Siku ukiirudisha tutalinganisha. Usiponijibu, tutaendelea na huu.

Na tafadhali usinishukuru kwa uvumilivu wangu. Sina. Nina mtoto.

Yuliana